Baiskeli ya umeme au ya kukanyaga? Uliza kwanza moyo, goti na breki

Wiki mbili zilizopita nilipata swali kutoka kwa msomaji wa safu hii anayeishi Kamachumu, wilayani Muleba. Ni mzee wa miaka 61, mkulima wa kahawa na migomba. Ana shinikizo la juu la damu kwa miaka tisa sasa, na goti lake la kulia humsumbua hasa anapopanda mlima. Mwaka huu amekosa kliniki mara mbili. Baiskeli yake ya zamani haiwezi tena kupanda mlima kwa sababu yeye mwenyewe hawezi, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi si ya kuchezea kabla ya msimu wa kahawa. Mara zote mbili dawa zilimwishia nyumbani.

Kijana wake anayefanya kazi Dar es Salaam anataka kumtumia baiskeli ya umeme. Majirani wamesikia na wamecheka. Wanasema hiyo ni pikipiki ya wavivu. Mzee akaniuliza: "Dokta, kliniki waliniambia nifanye mazoezi. Nikipanda hiyo nitakuwa nimefanya mazoezi, au nitakuwa nimejidanganya?"

Ni swali zuri, na nina hakika si lake peke yake. Baiskeli za umeme zimeanza kuonekana katika miji ya Afrika Mashariki. Nairobi zinabeba vifurushi na vyakula, na hapa kwetu baadhi ya vijana walio mijini wameanza kuwaulizia wazazi wao. Wapo pia wazazi walioniuliza kama wamnunulie mtoto anayesoma mbali. Leo nitajibu kwa ajili ya wote, na nitasema wazi msimamo wangu.

Milima yetu si ya mchezo

Kwanza tukubaliane kuhusu ardhi tunayoizungumzia. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Pale Bukoba, kandokando ya ziwa karibu na uwanja wa Kaitaba, mtu anaweza kukanyaga baiskeli huku anapiga soga. Ukiacha mji, barabara inaanza kupanda. Ukifika Muhutwe ukaacha barabara kuu kuelekea Kamachumu, hapo hata pikipiki inabadilisha sauti.

Na hiyo ni barabara. Wengi wetu hatuishi barabarani. Tunaishi ndani ya vibanja, na kati ya kijiji na kijiji kuna rweya, ile nyika ya majani mafupi yenye njia za miguu, mawe yaliyojitokeza na udongo unaoteleza. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo njia hizo zina utelezi kwa miezi mingi kuliko zilivyo kavu.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua mlima wa kilomita 1 unaopanda mita 100. Mtu wa kilo 70 mwenye baiskeli ya kilo 20 akiupanda kwa dakika 10, misuli yake inatoa nguvu ya takriban wati 150 bila kupumzika, na hapo bado sijahesabu mawe na matope. Kijana anayecheza mpira kila jioni ataweza. Mtu wa makamo asiyezoea mazoezi hatafika katikati kabla ya kushuka. Ukiongeza mkungu wa ndizi wa kilo 30 kwenye keria, hata huyo kijana atashuka na kusukuma.

Ndiyo maana nasema kwamba katika milima yetu, kupanda ni suala la moyo na goti, na kushuka ni suala la breki. Yashike hayo mawili mpaka mwisho wa makala hii, kwa sababu umeme unasaidia la kwanza tu.

Je, baiskeli ya umeme ni mazoezi?

Jibu fupi ni ndiyo, ikiwa ni ile inayokutaka ukanyage.

Zipo aina mbili na watu huzichanganya. Aina ya kwanza ina mota ndogo inayokusaidia pale tu unapokanyaga pedeli. Ukiacha kukanyaga, mota nayo inaacha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya aina hii inaruhusiwa kuwa na mota isiyozidi wati 250, na msaada wa mota lazima ukatike mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Aina ya pili ina mshiko wa kuzungusha kama wa pikipiki. Unakaa, unazungusha, inakwenda. Hiyo ya pili ni chombo cha usafiri kizuri, lakini usiiite mazoezi.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani, au kwa kijana wako anayekununulia, liwe hili: "Nisipokanyaga, inakwenda?" Kama jibu ni ndiyo, majirani wa mzee wetu wana hoja.

Kuhusu ile ya kukanyaga, upo utafiti uliofanywa Marekani na watafiti wa Brigham Young University na kuchapishwa mwaka 2019. Waliwachukua waendesha baiskeli 33 waliozoea njia za milimani, wakawapitisha njia ileile mara mbili, kwa baiskeli ya umeme na kwa baiskeli ya kawaida. Wakapima mapigo ya moyo. Mapigo wakati wa kutumia ya umeme yalikuwa takriban asilimia 94 ya yale ya baiskeli ya kawaida. Yaani moyo ulifanya kazi karibu sawa, ila waendeshaji wenyewe walihisi wamechoka kidogo tu.

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulihusisha miji 7 ya Ulaya na watu zaidi ya 10,000. Ulionyesha kwamba wenye baiskeli za umeme walikuwa na kiasi cha mazoezi kwa wiki kinacholingana na wenye baiskeli za kawaida. Sababu ni rahisi. Kila kilomita iliwachosha kidogo, lakini walikwenda mbali zaidi.

Hata hivyo, tusiyapokee matokeo hayo kama yalivyo. Wale 33 walikuwa watu wenye afya na uzoefu, si wazee wenye shinikizo la damu. Na mtu akiweka mota kwenye msaada wa juu kabisa, akawa anagusa pedeli kwa adabu tu, faida inapungua sana. Kikubwa zaidi ni kuuliza unaacha nini ili upande baiskeli ya umeme. Aliyekuwa anapanda bodaboda kila siku akahamia baiskeli ya umeme amepata mazoezi ambayo hakuwa nayo. Aliyekuwa anakanyaga baiskeli ya kawaida bila shida akahamia ya umeme amepoteza sehemu ya mazoezi yake. Chombo ni kilekile, lakini mmoja amepanda ngazi na mwingine ameshuka.

Kwa nini tunahangaika na hili

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi hawakujua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, ni wastani wa dakika 60 kila siku.

Babu zetu hawakuhitaji kuhesabu dakika. Walikwenda kwa miguu sokoni, kanisani au msikitini na kwenye misiba. Baadaye ikaja baiskeli, ikabeba kahawa, ndizi na wagonjwa. Leo anayekwenda nusu kilomita anaita bodaboda. Silaumu, maana bodaboda imeokoa wajawazito wengi usiku. Lakini miguu yetu imestaafu kabla sisi wenyewe hatujastaafu, na matokeo yake tunayaona kliniki.

Nani apande ipi

Ukiwa kijana au mtu mzima mwenye afya, usiye na maumivu ya kifua wala kuishiwa pumzi isivyo kawaida, chukua baiskeli ya kawaida yenye gia. Haihitaji kuchajiwa, fundi wa senta anaijua, na mlima utakupa mazoezi ya kiwango cha juu ambayo watu wa mijini huyalipia. Mlima ukikushinda, shuka usukume. Kusukuma baiskeli mlimani ni mazoezi pia na si aibu.

Ukiwa na shinikizo la damu lililodhibitiwa kwa dawa, ukiwa na uzito mkubwa, ukiwa umesagika goti, au umri umeenda, baiskeli ya umeme ya kukanyaga inaweza kuwa ndiyo itakayokurudisha njiani. Goti lililosagika gegedu halipendi mzigo mkubwa kwa mkupuo mmoja, lakini linapenda kuzungushwa taratibu. Mota hupunguza ule mkupuo wa mlimani, na goti linabaki na mzunguko. Hakikisha kiti kimepandishwa kiasi kwamba pedeli ikiwa chini kabisa, goti linabaki limekunjwa kidogo tu. Wengi wetu tunaweka kiti chini sana ili miguu ifike ardhini, na hapo ndipo goti linapoumia.

Kabla ya kuanza, pima shinikizo. Likiwa 180/110 au zaidi, usipande mlima kwa baiskeli yoyote. Nenda kituo cha afya kwanza. Na ukiwa na mkungu kwenye keria, usisukume huku umebana pumzi, kwa kuwa kubana pumzi wakati wa kusukuma kitu kizito hupandisha shinikizo ghafla. Toa pumzi kila unaposukuma.

Wanaotumia atenolol, propranolol na dawa za kundi hilo wafahamu kwamba dawa hizo hushusha mapigo ya moyo. Kuhesabu mapigo hakutakuambia ukweli kuhusu nguvu unayotumia. Tumia kipimo cha kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, upo kwenye kiwango cha wastani, kaa hapo. Ukishindwa kumaliza maneno matatu, ongeza msaada wa mota au shuka. Wanaotumia dawa za kukojoa wabebe maji, hasa wakati wa jua.

Kwa wenye kisukari wanaotumia insulini au glibenclamide, mlima unaweza kushusha sukari ghafla, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kufika nyumbani. Kama una kipimo na sukari ipo chini ya 5, kula kwanza. Beba sukari mfukoni, kama vijiko vitatu vya chai kwenye karatasi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, simama, ule sukari, na usiendelee na safari mpaka utulie. Vaa viatu vilivyofunika vidole na ukague nyayo ukirudi. Kidonda kidogo cha pedeli kwenye mguu wenye ganzi kinaweza kumaliza mguu.

Mwenye maumivu ya kifua anapopanda, anayezimia, anayevimba miguu au aliyepata kiharusi hivi karibuni asianze na baiskeli yoyote mpaka aonane na daktari. Umeme haugeuzi moyo mgonjwa kuwa mzima.

Sasa tuzungumze kushuka

Hapa ndipo wauzaji wa baiskeli za umeme hawasemi sana. Baiskeli ya kawaida ya chuma ina kilo zipatazo 20. Ya umeme mara nyingi inafika kilo 25 au zaidi kwa sababu ya betri na mota. Ile nguvu yote iliyokupandisha mita 100, yako na ya betri, lazima imalizwe na breki wakati wa kurudi. Na mzee ambaye kwa miaka kumi hajafika juu ya mlima kwa baiskeli, sasa atafika. Maana yake ni kwamba atalazimika pia kushuka, kwenye njia ambayo mikono na macho yake yameisahau.

Breki za vyuma zinazobana rimu, kama zile za baiskeli nyingi tulizonazo, hushika vibaya rimu ikilowa. Mvua ikikukuta juu, gusagusa breki mapema ili kufuta maji kabla hujaingia kwenye mteremko. Tumia breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa kubana kidogo kidogo. Kabla ya kila safari bana breki ya mbele na usukume baiskeli. Gurudumu likizunguka, safari imeishia hapo, nenda kwa fundi. Kwa baiskeli ya umeme, nasisitiza breki za diski.

Kofia ngumu ivaliwe na kila mtu, pamoja na mzee anayeona aibu. Uchambuzi wa tafiti nyingi unaonyesha kwamba kofia ya baiskeli hupunguza uwezekano wa kuumia kichwa kwa takriban nusu, na majeraha makubwa ya kichwa kwa zaidi ya hapo. Na waitu, tuambiane ukweli: lubisi na mteremko havipatani. Ukishakunywa, sukuma baiskeli mpaka nyumbani, au iache ulikokunywa.

Kwa wazazi

Msimamo wangu ni kwamba mtoto asipewe baiskeli ya umeme. Uingereza sheria inakataza aliye chini ya miaka 14 kuiendesha. Kwa milima yetu, barabara zetu na breki zetu, mimi ningesubiri mpaka miaka 16. Mtoto mwenye afya hahitaji mota. Anahitaji zile dakika 60 kwa siku, na baiskeli ya kawaida ya kumtosha inampa.

Nasema ya kumtosha kwa sababu sote tumeona mtoto wa miaka tisa akiendesha baiskeli ya baba yake kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, mwili umepinda upande mmoja. Sisi wenyewe tulijifunza hivyo. Lakini mtoto huyo hafikii breki vizuri, na kwenye mteremko hana njia ya kusimama zaidi ya kuanguka. Baiskeli inayomfaa ni ile ambayo akisimama juu ya fremu nyayo zote mbili zinakanyaga ardhi, na vidole vyake vinaifikia breki na kuibana.

Jambo la pili ni mguu kwenye spoki. Mama au baba amempakia mtoto nyuma kwenye keria, mtoto amesinzia, mguu unaingia kwenye gurudumu. Kisigino kinachanika, wakati mwingine mfupa unavunjika, na ngozi ya eneo hilo hupona kwa shida. Baiskeli ya umeme inafanya jambo hili kuwa baya zaidi, kwa sababu mota inaendelea kusaidia kwa nguvu usiyoihisi. Fundi anaweza kufunga wavu au kipande cha plastiki pande zote mbili za gurudumu la nyuma na mahali pa kukanyagia. Ni kazi ya saa moja. Kanga na gauni nazo zifungwe mbali na mnyororo. Ikitokea mguu umenasa, usiuvute kwa nguvu. Rudisha gurudumu nyuma au ukate spoki, osha jeraha kwa maji safi, lifunike kwa kitambaa safi na umwahishe mtoto kituoni, pamoja na kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

La tatu wengi hawalijui. Mtoto akianguka na ncha ya usukani ikampiga tumboni, anaweza kusimama, akalia kidogo na kuendelea kucheza. Ndani inawezekana ini, kongosho au bandama imeumia. Katika maeneo yenye malaria kama yetu, bandama ya mtoto inaweza kuwa imevimba na hupasuka kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo akipigwa tumboni na usukani mwangalie kwa siku mbili. Akianza kulalamika tumbo, kutapika, kupauka, kuumwa bega la kushoto au kulegea, usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo aliyegonga kichwa akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, au maji au damu vikitoka sikioni au puani.

Kuna watoto wa kuangaliwa kwa jicho la pekee. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye watoto wengi wenye sikoseli. Mtoto wa sikoseli anaruhusiwa kuendesha baiskeli, lakini anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka, asishindane na wenzake mlimani na asinyeshewe mvua. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Na mtoto ambaye zamani alipanda mlima na wenzake, sasa anabaki nyuma akihema, usimwite mvivu wala usimtafutie baiskeli ya umeme. Mpeleke akasikilizwe moyo. Maumivu ya koo yasiyotibiwa yanaweza kuzaa ugonjwa wa valvu za moyo miaka kadhaa baadaye, na mlima ndio mara nyingi unaoufichua.

Betri isilale na watoto

Betri ya baiskeli ya umeme kwa kawaida huchajiwa kwa nusu uniti ya LUKU hivi, kwa hiyo gharama ya umeme si kubwa. Hatari yake ni moto. Mwaka 2023, katika jiji la New York peke yake, watu 18 walikufa kwa moto uliosababishwa na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme. Betri hiyo ikishika moto huwaka kwa kasi, hutoa moshi wenye sumu na inaweza kuwaka tena baada ya kuzimwa.

Tumia chaja iliyokuja na baiskeli, si ya kuazima wala ya simu iliyorekebishwa na fundi. Chaji mchana ukiwa macho, mahali penye hewa, mbali na kitanda, mlango na chandarua. Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au iliyoingia maji isichajiwe. Ikianza kutoa moshi, toa watoto kwanza. Baiskeli itanunuliwa nyingine.

Na tusisahau kwamba umeme wetu hukatika. Baiskeli ya kilo 25 isiyo na chaji ni mzigo mlimani kuliko ile ya zamani. Anayeitegemea kufika kliniki achaji siku moja kabla, asisubiri asubuhi ya safari.

Neno kwa watoa huduma na halmashauri

Wenzangu wa kliniki, tuna tabia ya kuandika "hakuja" kwenye daftari na kumkaripia mgonjwa akirudi. Tuongeze swali moja: "Unafikaje hapa?" Mgonjwa wa Bukoba mjini na yule wa juu ya Kamachumu hawakabiliwi na safari ileile. Anayeshindwa na mlima anaweza kupewa dawa za miezi miwili au mitatu pale hali yake inaporuhusu, na hilo halihitaji baiskeli yoyote.

Halmashauri zetu zinapochonga au kuweka lami barabara za milimani, ziache ukingo wa kupita baiskeli na waenda kwa miguu. Na kabla ya kufikiria kununua pikipiki zaidi, zifikirie wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopanda rweya kwa miguu wakiwa na begi begani. Nchini Uganda, pale Jinja, shirika la FABIO limekuwa likifanya kazi na baiskeli za umeme zilizotengenezwa kwa mazingira ya Afrika, zikiwemo za huduma za afya. Ni karibu kwa kutosha kwenda kujifunza, yaliyofaulu na yaliyoshindikana.

Jibu langu kwa mzee

Mzee wangu wa Kamachumu, hujajidanganya. Mpigie kijana wako umwambie akutumie, kwa masharti manne. Iwe ile isiyokwenda bila kukanyaga. Iwe na breki za diski. Ije na kofia na chaja yake. Na kabla hujaipanda, uende kliniki ukapimwe shinikizo, hata kama siku hiyo itabidi ulipe bodaboda kwa mara ya mwisho. Wiki ya kwanza na ya pili endesha kwenye tambarare tu, dakika 15 hadi 20, na jifunze kusimama kabla hujajifunza kupanda. Ukizoea, panda mlima kwa msaada wa wastani, ukiongea peke yako kama mtu anayesali ili ujue pumzi ipo. Wakati wa kurudi, shuka ukiwa umebana breki zote mbili. Pale penye mteremko mkali, teremka usukume.

Majirani wakicheka, waache. Nawaombea nao wafike miaka 61 wakiwa na dawa zao mkononi na miguu inayozunguka.

Tukutane wiki ijayo katika safu hii. Kwa dalili yoyote niliyoitaja leo, usisubiri gazeti. Fika kituo cha afya kilicho karibu nawe.